Muulize Fundi: Asubuhi inatetemeka, mchana inatulia

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Njombe. Nina Toyota Wish ya 2005, injini 1ZZ. Nilipokuwa Dar es Salaam haikuwahi kunisumbua. Tangu nihamishiwe huku, asubuhi nikiwasha inatetemeka, sailensi (mizunguko ya injini nisipokanyaga mafuta) inapanda na kushuka, mara nyingine inazima nikiweka D. Ikishapata joto inatulia, utadhani siyo ile ya asubuhi. Taa ya chek injini imewaka. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, wa pili akasema koili, wa tatu akasafisha nozeli za petroli na throtoli, ule mlango wa hewa. Zimekwenda zaidi ya laki nne na hali ni ile ile. Sasa naambiwa ninunue pampu ya mafuta. Nimeambatanisha picha ya injini na picha za mashine ya kusoma kompyuta ya gari ilivyosoma asubuhi. Nisaidie kabla sijatoa pesa nyingine.

JIBU: Marahaba mwalimu. Pampu usinunue. Picha zako zimeniambia mengi kuliko mafundi wote watatu walivyokuambia, na inaniuma kwamba mshahara wako umeishia kwenye vitu ambavyo havikuwa vibovu.

Nianze na mashine. Kodi, yaani namba ya kosa, iliyotoka ni P0171, yaani kompyuta inalalamika kwamba mchanganyiko unaoungua una hewa nyingi kuliko petroli. Wengi wakiiona wanaisoma upande mmoja tu, kwamba petroli haitoshi, ndiyo maana wanakimbilia pampu na nozeli. Bahati nzuri aliyekupimia hakuishia kwenye kodi, alifungua na ukurasa wa data. Pale inaonekana kwamba gari ikiwa sailensi kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia 27 juu ya kipimo chake cha kawaida. Alipokanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, nyongeza ikashuka hadi asilimia 5. Jibu lako liko kwenye tofauti hiyo. Pampu ikichoka mambo huwa kinyume: sailensi gari inatulia kwa sababu petroli inayohitajika ni kidogo, na upungufu unajitokeza ukikanyaga au ukiwa na mzigo mlimani. Nyongeza ikiwa kubwa sailensi halafu ikapungua mizunguko inapopanda, ujue kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma.

Mlango wenyewe uko wapi? Injini ikiwa sailensi, throtoli imefungwa karibu yote, na pistoni bado zinavuta. Ndani ya manifodi ya hewa, yaani mabomba yanayogawia silinda hewa, ile ambayo gereji nyingi wanaiita inleti, kunakuwa na mvuto mkali. Hewa halali inapita kwanza kwenye sensa iliyo karibu na boksi la filta, inapimwa, na kompyuta inapanga petroli kulingana na kipimo hicho. Pakiwa na upenyo kati ya manifodi na silinda hedi (sehemu ya injini inayofunika silinda kwa juu), hewa nyingine inafyonzwa pale bila kupimwa. Ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka. Ukikanyaga mafuta, throtoli inafunguka, mvuto unapungua, hewa halali inakuwa nyingi, na ile ya wizi inabaki sehemu ndogo sana ya jumla. Ndiyo sababu 27 inakuwa 5.

Sasa kwa nini asubuhi, na kwa nini Njombe? Kinachoziba kati ya manifodi na hedi kwenye injini yako ni gasketi ya mpira, iliyolala kwenye mfereji uliochongwa kwenye manifodi, ikizunguka kila tundu la silinda. Kwenye picha yako manifodi ni ya plastiki ngumu nyeusi. Mpira ule una umri wa gari. Miaka yote hiyo umekaa unachemka na kupoa, umekakamaa na kubonyea. Dar es Salaam, hata alfajiri, joto linatosha kuufanya ujae mfereji wake. Njombe mwezi wa Juni na Julai asubuhi inashuka chini ya nyuzi 10, mpira unanywea, unaacha nafasi. Injini ikipata joto unatanuka tena na kuziba. Kuna na jambo la pili linalokwenda sambamba: dakika za mwanzo sensa ya oksijeni haijapata moto wa kutosha kufanya kazi, kwa hiyo kompyuta haipati taarifa za kusahihisha mchanganyiko vizuri. Uvujaji unakuwa mkubwa kabisa wakati ule ule ambao kompyuta haioni. Ikishaona, inaongeza petroli na gari inatulia, ila unailipia petroli hiyo kila siku.

Injini ya 1ZZ inafahamika kwa tatizo hili, hasa sehemu za baridi. Nami nikiwa Iringa, msimu wa baridi ukianza naletewa Wish, Allion na Premio zenye injini hiyo kutoka Mafinga na Makambako, nyingi zikiwa na plagi mpya zinazong'aa.

Hata hivyo usifungue manifodi kwa sababu mimi nimesema. Thibitisha kwanza, na jaribio hili halihitaji pesa. Liache gari lilale nje. Asubuhi fungua boneti kabla ya kuwasha, uangalie mipira yote ya hewa: ule mnene unaotoka boksi la filta kwenda throtoli (ukunjekunje, maana ufa hujificha kwenye mikunjo), mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa injini kwenye manifodi) unaotoka kwenye kifuniko cha valvu, na ule wa buster ya breki. Ukikuta umepasuka, badilisha huo, pengine habari imeishia hapo. Ukiwa mzima, chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni au ya maua, ujaze maji ya kawaida. Washa gari ikiwa baridi bado inatetemeka. Pulizia maji kidogo kidogo pale manifodi inapokutana na hedi, tundu moja baada ya jingine, ukingo wa juu kisha wa chini, ukisubiri kidogo kila mahali. Ukifika penye upenyo, maji yanafyonzwa na kuziba nafasi kwa muda mfupi: mtetemo unakatika, sailensi inatulia, halafu maji yakiisha inarudia kutetemeka. Pulizia tena pale pale. Ikirudia kutulia, umepata. Ukiweka sikioni kipande cha mpira wa petroli na kutembeza ncha yake ya pili kwenye ukingo huo, utasikia mluzi mwembamba mahali panapovuta. Usielekeze maji kwenye koili wala jenereta.

Mafundi wengi hufanya jaribio hili kwa kabureta klina, na wapo wanaotumia petroli. Nakataza. Eksozi ina moto na waya zina cheche, na gari likishika moto hakuna gasketi itakayokumbukwa. Mwenye gereji yenye mashine ya moshi akuwekee moshi ndani ya manifodi injini ikiwa imezimwa. Utauona unachomoza penye ufa. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote, ila kwako ifanyike gari ikiwa baridi, la sivyo mpira utakuwa umeshaziba na utaambiwa gari ni zima.

Fundi akija na geji ya vakyumu, yaani ya kupima mvuto wa manifodi, umweleze hivi, maana kuna watu wamefunguliwa injini bure kwa sababu hii. Namba za vitabuni, inchi 17 hadi 21 za zebaki, ni za usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 2,000 juu, hewa yenyewe ni nyepesi, na kadiri unavyopanda kila mita 300 geji inapoteza takriban inchi moja. Injini nzima kabisa hapo Njombe inaweza kusoma 12 au 14.

Tuje kwenye kazi. Nunua gasketi kwanza, gari ikiwa bado inatembea. Duka la spea wape namba ya chesisi, usiseme "ya Wish" tu. Gasketi iwe ya mpira laini, ukiikunja na kuiachia irudi yenyewe ilivyokuwa. Ukipewa iliyokatwa kwenye karatasi, rudisha. Karatasi haijazi mfereji ule.

Injini iwe imepoa kabisa. Ondoa waya hasi wa betri. Piga picha kila upande kabla ya kuchomoa kitu, na kila mpira unaotoa ufunge utepe wenye alama. Throtoli inapitiwa na mipira miwili myembamba ya kulanti, yale maji ya kupozea injini. Ama uizibe ncha unapoitoa, ama uilegeze throtoli na kuiegesha pembeni ikiwa bado na mipira yake. Kama itabidi kugusa reli ya petroli, toa presha kwanza: chomoa fyuzi ya pampu kabla ya kuondoa betri, washa injini mpaka ijizime. Halafu legeza bolti na nati za manifodi kwa zamu, kuanzia nje kuja katikati. Ikigoma kutoka baada ya bolti zote unazoziona, usiiwekee tindo. Kuna stendi chini inayoishikilia, bolti yake haionekani ukiwa umesimama. Tafuta kwa mkono na tochi. Manifodi nyingi za plastiki nimeletewa zimepasuka kwa sababu mtu alikosa subira na bolti hiyo moja.

Ikitoka, kabla hujafanya lolote, ziba matundu manne ya hedi kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi. Nati ikidondokea mle, kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa ya kufungua hedi. Kisha itoe gasketi ya zamani na uiangalie. Mpira mzima una mgongo uliovimba. Wako, kama nilivyosema, utaukuta umelala bapa na unang'aa upande wa juu, na ukiubonyeza kwa ukucha alama haipotei. Mara nyingi upande mmoja wa tundu utaona mstari wa vumbi ulioingia ndani: hapo ndipo hewa ilipokuwa inapita.

Safisha nyuso zote mbili kwa kitambaa chenye breki klina. Usipitishe msasa wala diski ya grainda. Upande wa hedi ni aluminiamu, upande wa pili ni plastiki, vyote viwili vinachimbika kirahisi na mchubuko mmoja unatosha kuvujisha hewa. Weka rula ya chuma juu ya uso wa manifodi kwa urefu na kwa mshazari, upitishe fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Ikiwa imepinda kupita kipimo cha kitabu cha gari lako, gasketi mpya haitakusaidia, tafuta manifodi nyingine.

Hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini, maana fundi wako atataka kupaka silikoni "ili iwe imara". Mkatalie. Gasketi ya mpira ya mfereji inafungwa kavu. Silikoni inaufanya mpira uteleze na kutoka kwenye mfereji wake wakati wa kukaza, inaongeza unene mahali pasipotakiwa, na ile inayobinyikia ndani inaganda, inakatika vipande, na injini inavivuta. Nimeshatoa mkate wa silikoni kwenye valvu ya kuingizia hewa, umekwama, silinda haina kompresheni. Mwenye gari alikuwa ameambiwa injini imekufa.

Kukaza ni kwa mkono mwepesi. Anza na bolti za katikati, nenda nje, mizunguko miwili au mitatu kidogo kidogo, umalizie kwa spana ya kupimia nguvu ukifuata namba ya kitabu. Angalia matundu ya bolti kwenye manifodi ya plastiki: kila moja lina bushi ya chuma ndani. Bolti ikishabana bushi hiyo dhidi ya hedi, gasketi imeshabonyezwa kiasi ilichotengenezewa. Ukiendelea kukaza huongezi kubana gasketi hata kidogo. Nguvu yote inakwenda kung'oa nyuzi za aluminiamu kwenye hedi. Kwa hiyo ikivuja baada ya kazi, dawa si kukaza zaidi.

Rudisha kila kitu kwa picha zako, jaza kulanti iliyopungua, futa kodi. Sailensi inaweza kuyumba mwanzoni kwa sababu kompyuta imesahau mazoea yake, iache ijifunze. Lakini usimlipe fundi malipo ya mwisho jioni hiyo gari ikiwa ya moto. Mkubaliane kesho yake alfajiri. Iwake kwenye baridi, mashine iunganishwe, na baada ya kuzunguka nayo kidogo nyongeza ya petroli iwe karibu na sifuri, asilimia tano juu au chini. Hapo mmemaliza.

SWALI: Hujambo fundi. Niko Mtwapa, nina Starlet EP82 ya marehemu baba. Haimisi wala haitetemeki, lakini sailensi imepanda hadi 1,600 na haishuki hata ikipata moto. Nimesikia gasketi ya manifodi huleta P0171, mbona mimi sioni taa yoyote?

JIBU: Sijambo dada, na pole kwa mzee. Starlet yako haina sensa ya kupima hewa inayopita. Ina sensa ndogo inayopima presha ndani ya manifodi. Hewa ya wizi ikiingia, presha mle inapanda, sensa inaiona, na kompyuta inatoa petroli ya kulingana nayo. Mchanganyiko unabaki sawa, kwa hiyo hakuna wa kulalamika. Kinachotokea ni injini kupata hewa na petroli zaidi ya inavyohitaji, na mizunguko inapanda. Dalili ya wenzako ni mtetemo, yako ni mbio.

Gari ikiwa ya moto, hakikisha kwanza waya wa mafuta haujabana throtoli. Halafu binya mipira ya hewa mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa, muda mfupi tu. Ukibinya mmoja mizunguko ikashuka, fuata njia ya mpira huo. Ikikosekana, fanya jaribio la maji nililomweleza mwalimu. Nalo likikosa, basi valvu ya sailensi imekwama kwa uchafu, iondolewe isafishwe. Manifodi yako ni ya aluminiamu na gasketi yake ni bapa, hivyo mabaki ya zamani lazima yakwanguliwe yote; tumia kikwangulio cha plastiki, uende taratibu.

SWALI: Kaka fundi, nakusoma nikiwa Columbus, Ohio. Nina Chevrolet Impala ya 2004, V6 ya 3.4. Kulanti inapungua na sioni tone chini. Gereji moja imesema ni hedi gasketi na bei waliyotaja inazidi thamani ya gari. Rafiki anasema ni gasketi ya manifodi ya hewa. Inawezekanaje gasketi ya hewa ikavujisha kulanti?

JIBU: Inawezekana, na rafiki yako anaweza kuwa sahihi. Kwenye injini ya mwalimu wa Njombe gasketi hiyo inazuia hewa tu. Kwenye V6 yako manifodi ya chini imekaa bondeni katikati ya hedi mbili, na kulanti inapita humo humo. Gasketi ya kiwandani ilikuwa na fremu ya plastiki yenye ukingo wa silikoni, na fremu hiyo huchoka na kupasuka karibu na matundu ya kulanti. Injini za familia hii za GM zilijulikana sana kwa hilo. Ikivujia nje, kulanti inaishia juu ya injini na kukauka kwa joto kabla ya kufika chini. Ikivujia ndani, inaangukia bondeni na kuingia kwenye oili.

Leo hii chomoa dipstiki na ufungue kifuniko cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, gari lisiwashwe tena hata kwenda dukani, kwa sababu kulanti ndani ya oili inamaliza beringi za krenki. Kama oili ni safi, omba vipimo viwili kabla ya kukubali bei yoyote. Kimoja ni cha kutia presha kwenye mfumo wa kulanti injini ikiwa baridi na kutafuta unyevu kwenye kona za manifodi. Cha pili ni cha kemikali ya buluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta: ikigeuka njano, gesi ya silinda imeingia kwenye kulanti, na hapo hedi gasketi ndiyo ya kushukiwa. Ikibaki buluu, wakuonyeshe walipata wapi uhakika wao.

Ukimpa mtu kazi hiyo, mwambie atumie gasketi yenye fremu ya chuma. Ili gasketi itoke lazima roka zinazobonyeza valvu zilegezwe na pushrodi, fito zinazosukuma roka hizo, zichomolewe, na pushrodi hazilingani: fupi ni za valvu za kuingizia, ndefu za kutolea. Zipangwe kwenye kadibodi iliyotobolewa kwa mpangilio zilivyotoka. Kwako wewe silikoni ina mahali pake halali, pale mbele na nyuma ambapo manifodi inakutana na bloku, wala si kuzunguka matundu ya hewa na kulanti. Baada ya kazi oili na filta vibadilishwe hata kama vilikuwa vipya, kwa sababu kulanti kidogo huangukia ndani wakati wa kufungua.

SWALI: Fundi, najifunza gereji hapa Mbeya. Bosi anasema gasketi ya mpira ikiwa bado nzuri tunairudishia. Ni sawa?

JIBU: Mwanangu, mpira uliokwisha kubonyezwa kwa miaka hauji kubonyezeka tena kwa namna ile ile, hata ukiuona mzima kwa macho. Manifodi ikitoka, gasketi inabadilishwa. Kama duka limefungwa na mteja lazima aondoke, mwandikie kwenye risiti kwamba imerudishwa ya zamani, na umpangie siku ya kurudi kufungiwa mpya.